Shuka Mbili, Moja Fupi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa chuoni ananiuliza: ilikuwaje huko Katavi? Kila mmoja nimempa jibu fupi, na kila jibu limeniacha nikijihisi kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Nayaandika haya mara moja kwa ajili yenu wote, marafiki zangu, ili nisiulizwe tena. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji chenyewe sitakitaja. Nawaomba pia msiyapitishe kwa mtu mwingine. Swali moja nililouliza mahali pasipostahili nusura limpokonye mjane shamba lake, na hadi ninapoandika sina hakika kwamba halitampokonya.

Habari za vibali na tiketi naziruka. Nianze na nilichokuwa nakitafuta. Kabla ya Wajerumani kushika nchi, na hata baada ya kuishika, mapadri wa Kizungu waliokaa kando ya Ziwa Tanganyika walikuwa wakinunua watoto kutoka kwenye misafara ya watumwa. Wao walisema wanawakomboa. Watoto hao waliwekwa kwenye vijiji vilivyozunguka kanisa, wakabatizwa, wakafundishwa katekisimu, wakalima mashamba ya misheni kwa mlio wa kengele. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, kila jozi ikapewa kipande cha ardhi. Kuondoka bila ruhusa ya padri hawakuweza. Tasnifu yangu ilitaka kujua kama mtoto aliyenunuliwa ili awe huru alijiona yuko huru, na niliamini kwamba jibu, kama bado lipo, liko kwa wajukuu.

Mjukuu mmoja nilikuwa nimempata. Hapa nitamwita Dionizi. Alikuwa mkulima mzee mwenye kikohozi kisichoisha, na tulikuwa tumezungumza kwa simu mara kadhaa. Mara ya mwisho aliniambia sentensi ambayo niliirudia kichwani njia nzima: "Bibi yangu padri alimnunua kwa shuka mbili, na moja ilikuwa fupi. Njoo, mengine siyasemi kwenye simu."

Tabora hadi Mpanda

Treni ilichelewa kuondoka Tabora, na ilipofika Kaliua ikasimama bila mtu yeyote kutueleza sababu. Abiria wengi walishuka kununua asali, karanga na kuku wa kukaanga. Mimi sikushuka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba treni itaondoka ghafla na kuniacha, kisha nikaanza kuogopa kwamba haitaondoka kabisa, na hofu hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana.

Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa akirudi Mishamo, mwenye kapu la muhogo uliochemshwa. Jina lake nilikuja kujua ni Evelina. Alinimegea kipande bila kuniuliza kama nina njaa.

"Kula, mwanangu. Hii treni ikisimama hivi, ujue imepapenda."

Tulicheka. Alinieleza habari za watoto wake, baiskeli iliyoibwa, kwaya ya kanisa lao. Alikuwa mchangamfu kiasi kwamba nilijisahau nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Mama, nyie asili yenu ni wapi?"

Mkono wake ulisimama juu ya kapu.

"We ni wa uhamiaji?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwanafunzi."

"Wanafunzi nao wanatumwa." Alianza kupapasa kifuani kwenye kanga. "Mimi Mtanzania. Watoto wangu Watanzania. Nikuoneshe?"

Nilimsihi asitoe kitu. Nilimweleza nasoma nini, nikaeleza kwa urefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kama mtu anayesikiliza maelezo ya mwizi. Hatimaye aligeukia dirisha. Watu wa Mishamo wengi ni wa familia zilizokimbia Burundi zamani, na ingawa wamepewa uraia, nilitambua siku ile kwamba uraia uliotolewa kwa karatasi unaweza kuogopewa usije ukachukuliwa kwa swali.

Treni ilipoingia kwenye kinamasi cha mto Ugalla, maji yalikuwa yamejaa pande zote mbili hadi sikuweza kuona tuta la reli. Behewa lilitembea polepole, likiinama kidogo upande wangu. Nilishika ukingo wa kiti, nami nikamwona Mama Evelina naye ameshika rozari. Tulipotoka kwenye maji alinigeukia kama vile hapakuwa na ugomvi.

"Nikwambie kitu. Huko unakokwenda, ukitaka kujua mtu, muulize analima nini. Atakwambia mahindi, maharage, muhogo. Ishia hapo."

Nilimshukuru. Niliyachukulia maneno yale kuwa ya watu wa Mishamo peke yao.

Mpanda

Nilipofika Mpanda nilimpigia Dionizi. Simu ilipokelewa na mwanamke ambaye kwanza alilia, kisha akajitambulisha kuwa ni Skolastika, mke wake. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile.

Nilikaa kwenye benchi nje ya duka moja mtaa wa Kashaulili, mkoba miguuni, nikijadiliana na nafsi yangu. Kurudi ilikuwa busara. Kwenda msibani nikiwa na kinasa sauti ilikuwa aibu. Lakini mtu aliyenialika amekufa, nami niko njiani kwenda kwake. Nikigeuka, nitakuwa nimemfuata kwa ajili ya maneno yake tu. Nilipiga simu tena. Skolastika alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua mengi zaidi ya hayo siku hiyo: "Njoo, mwanangu. Hapo Kashaulili sokoni mtafute Bi Yustina, anauza migebuka, samaki wa ziwani. Anakuja kuzika. Panda naye."

Bi Yustina hakuwa mgumu kupatikana. Sauti yake ilifika kabla ya meza yake. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amefunga kitenge juu ya sweta, anapanga samaki wakavu kwenye matenga. Nilimsalimia shikamoo, nikajitambulisha.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe mgeni wa marehemu! Mbona mwembamba hivyo, chuo hawapiki?" Aligeukia wenzake. "Jamani, mbwa yule kafa! Kafa bila kuniaga!"

Nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu alinishika bega.

"Usiogope, mtoto wa chuo. Mimi Mfipa. Watu wa marehemu na sie ni watani tangu enzi za mababu. Nisipomtukana mimi, atatukanwa na nani?"

Kisha akaingia nyuma ya matenga, akakaa kwa kitambo akiwa ametupa mgongo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Kabla ya kuondoka alininunulia ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma. Nilikula kidogo. Yeye alikula chake, akamalizia changu.

Mpanda hadi ziwani

Lori tulilopanda lilibeba saruji, matenga matupu na watu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Tulipita Kasekese salama, na nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba ninaogopa bure, ndipo lori likazama kwenye tope katikati ya msitu, magurudumu ya nyuma yakatoweka hadi ekseli.

Dereva alishuka, akatazama, akawasha sigara.

"Wenye haja, hapohapo nyuma ya gari," alisema. "Msiende mbali. Wiki iliyopita kulikuwa na nyati pale kwenye ule mti."

Mbung'o walituuma kupitia nguo. Nilikuwa nimesoma dalili zote za ugonjwa wa malale kabla ya safari, na sasa nilianza kuzihisi zote kwa mpigo. Kila tawi lililovunjika msituni lilikuwa nyati. Mchana ulikuwa unakwenda, na hakuna gari lingine lililopita.

Kilichotoka msituni mwishowe kilikuwa ng'ombe. Walikuwa wengi, na nyuma yao vijana wa Kisukuma wenye fimbo, pamoja na mwanamume mmoja mkubwa akiongoza maksai wenye nira. Alilitazama lori, akamtazama Bi Yustina aliyekaa juu ya saruji, na akacheka.

"Mfipa! Si upige radi gari litoke?"

"Radi yangu naitunza kwa ajili ya ng'ombe zako, Msukuma mchafu we! Funga hao ndugu zako wavute!"

"Wakivuta utanipa nini, mchawi?"

"Nitakuacha hai!"

Niliinuka. Niliamini kabisa kwamba damu itamwagika, na nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitakimbilia upande gani. Dereva alinivuta chini.

"Kaa, dada. Hao wanapendana."

Maksai walifungwa mnyororo, wakavuta, lori likatoka. Yule mwanamume alipewa migebuka, naye aliipokea huku akimwambia Bi Yustina kwamba ataila kwanza mbwa wake, akipona ndipo yeye atakula. Walishikana mikono muda mrefu. Niliandika kichwani: utani humruhusu mtu kusema lolote. Lilikuwa hitimisho la kweli lililokosa nusu yake.

Msibani

Tulifika siku iliyofuata, kaburi likiwa limeshachimbwa. Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilipiga magoti kumpa pole.

"Alikuwa anakungoja," alisema. "Alinunua hadi sukari, akasema mgeni wangu wa mjini hanywi chai kavu."

Bi Yustina hakupiga magoti. Aliingia ndani moja kwa moja, na alipotoka alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika fimbo yake. Alianza kutembea uani akiburuza mguu mmoja, akikohoa kikohozi kilekile nilichokizoea kwenye simu. Wanawake walilia na kucheka kwa pumzi moja. Jeneza lilipotolewa, alilala chini akaziba mlango.

"Hapiti mtu! Huyu ni mali yetu Wafipa! Bibi yake tulimwokota sie njiani, tukamuuza kwa padri, padri akatupa shuka mbili, moja fupi! Mnamzikaje mtumwa ambaye hamjamaliza kumlipia?"

"Mlikuwa mmelewa, mkasahau kupima!" alimjibu Leonsi, mdogo wa marehemu. Uani pakalipuka kicheko.

"Tulipima! Padri alivuta ncha!"

Mtu alimrushia kanga. Alilala vilevile, akaipima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole.

"Fupi bado! Wachoyo nyie! Hata kufa mnakufa kwa bei ya chini!"

Kanga ya pili ikarushwa. Ndipo aliposimama, akajifuta vumbi. "Haya, mzikeni. Ila akifufuka, ni wetu."

Jeneza likapita. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Shuka mbili, moja fupi. Yalikuwa maneno yaleyale ya Dionizi, yametoka kwenye mdomo mwingine, wa kabila jingine, mbele ya kijiji kizima. Nilijua ni utani; nisingependa mnione mjinga kuliko nilivyokuwa. Lakini nilijiambia kwamba utani uliotunza urefu wa kitambaa kwa zaidi ya miaka mia moja si utani mtupu, ni kumbukumbu. Katika hilo bado naamini sikukosea. Nilikosea katika hatua iliyofuata, nilipodhani kwamba jambo linalosemwa kwa mchezo linaweza pia kuulizwa kwa dhati.

Siku ya kuanua tanga

Siku ya kumaliza msiba, ukoo uliketi uani kwa wali na maharage, na majirani wakaalikwa. Miongoni mwao alikuwapo mtu mmoja wa makamo, nadhifu, mwenye viatu vya mvua vyeupe visivyo na tope, sijui kwa namna gani. Aliitwa Silvesta. Nilielezwa kwamba ni wa ukoo wa wenye nchi, yaani wale ambao babu zao ndio waliompokea padri wa kwanza na kumwonyesha mahali pa kujenga. Lori tulilokuja nalo lilikuwa la kaka yake.

Leonsi alisema mgeni naye aseme neno. Nilisimama. Nilikuwa nimeitunga hotuba yangu tangu jana yake, na niliitoa kwa Kiswahili changu bora kabisa. Nilitoa pole. Niliwashukuru watani kwa kazi yao. Kisha nikasema:

"Ningependa kuwauliza wazee, kwa heshima: yale aliyoyasema Bi Yustina, ya bibi wa marehemu kununuliwa na padri kwa shuka mbili, yalitokea kweli? Nauliza kwa sababu marehemu mwenyewe aliwahi kunigusia."

Mikono iliyokuwa kwenye sinia haikurudi mdomoni. Hakuna aliyenitazama, walitazama wali. Bi Yustina ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa juu kupita kiasi.

"Nani kakwambia mimi nasema kweli? Mimi Mfipa! Mfipa na ukweli wapi na wapi!"

Wachache walicheka. Silvesta hakucheka.

"Subiri kwanza, mtani," alisema kwa upole. "Mgeni amesoma. Alikugusia nini, dada?"

Nilifungua mdomo. Chini ya kanga nikayaona macho ya Skolastika.

"Si jambo la muhimu," nilisema.

"Ni la muhimu," alisema Silvesta, kwa upole uleule.

Leonsi alianzisha sala ya kufunga, ingawa watu hawakuwa wamemaliza kula.

Alasiri Skolastika alinichukua, bila kusema tunakwenda wapi, hadi kwenye shamba la mtoni. Lilikuwa shamba jeusi, zuri, lenye michikichi pembeni na mabua ya mahindi yaliyovunwa.

"Hili padri alimpa bibi yake Dionizi siku alipoolewa," alisema. "Hiyo michikichi ya zamani alipanda yeye. Akina Silvesta wanasema babu zao walimwazima padri tu, hawakumpa. Kwa hiyo padri alitoa kisicho chake, na aliyepewa alikuwa mtu wa kuletwa, hana nchi hapa. Sie tumezaliana, tumezikana, tunahesabiwa wa hapahapa. Silvesta hajawahi kupata mtu wa kusimama aseme: ndiyo, hawa waliletwa."

Sikuweza kumtazama.

"Yustina amesema maneno yale kwenye kila msiba wetu. Alimsemea baba mkwe, akawasemea mashemeji. Silvesta alikuwepo, akacheka. Angefanyaje? Utani haushtakiwi. Wewe umeuliza kama polisi."

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Sasa umejua."

Makaburini

Nilitaka kuondoka kesho yake, lakini lori, nikaambiwa, halijapakia. Siku iliyofuata halikuwa na mafuta. Nilipouliza gari jingine, watu walinielekeza kwa kaka yake Silvesta.

Kwa kuwa kukaa nyumbani kwa Skolastika kulinichoma, nilikwenda kuyaona mabaki ya misheni ya kale. Kuta nene za matofali mabichi zilikuwa zimebaki nusu, zimeota majani. Nyuma yake yalikuwa makaburi ya mapadri, yamepangwa safi, kila moja na msalaba na jina. Mbali kidogo, ambako majani hayakufyekwa, ziliendelea safu za mawe madogo yasiyoandikwa chochote. Ni watoto waliokombolewa na kufa kabla ya kukua. Mawe yalikuwa yamekaribiana sana. Nilitoa futi kamba, nikaanza kupima nafasi kati ya jiwe na jiwe, kwa sababu kupima ndicho ninachojua kufanya ninapotaka kulia.

"Unapima nini?"

Silvesta alikuwa amesimama kwenye ukuta uliobomoka. Sikusikia hatua zake.

"Makaburi tu. Kwa ajili ya utafiti."

"Unajua huku watu wakimwona mgeni anapima makaburi wanafikiria nini?" Aliketi kwenye tofali kana kwamba tuna siku nzima. "Wengine watasema anatafuta rupia za Mjerumani. Hao si kitu. Wengine watasema anatafuta mifupa. Hao ni wabaya. Hawasubiri polisi."

Ziwa lilikuwa likionekana nyuma yake, tulivu, halina hata mtumbwi.

"Mimi siwaachi wakufikirie hivyo," aliendelea. "Kesho baraza la ardhi linakaa. Utasimama, utasema tu alichokwambia marehemu. Sikwambii udanganye. Wewe ni msomi, sema kweli tupu. Na mimi nitawaambia watu wewe ni mtu mwema. Lori litaondoka kesho hiyohiyo."

Alinisaidia kukunja futi kamba, akanirudishia mkononi.

Barazani

Baraza lilikaa chini ya banda la mabati la ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Skolastika na Leonsi walikaa upande mmoja, Silvesta na nduguze upande mwingine. Mimi niliwekwa kwenye kiti katikati, nacho hakikuwa sawasawa. Kila nilipopumua kiligonga sakafu.

Silvesta alieleza dai lake vizuri, pasipo tusi hata moja. Mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia maneno ya watani msibani."

"Hayo hayaandikwi hapa," alisema. "Tukianza kuyaandika, nusu ya kijiji hiki itakuwa watumwa wa nusu nyingine."

Watu walicheka, na kwa muda mfupi nilidhani nimevuka.

"Mwenyekiti, mimi siulizi ya watani," alisema Silvesta. "Nauliza ya marehemu. Kwa mdomo wake alimwambia nini huyu dada?"

Nataka mwelewe kilichopita kichwani mwangu, maana hapo ndipo safari yangu yote ilipokuwa imenileta. Kulikuwa na msichana mdogo, jina silijui, aliyebadilishwa kwa vitambaa na watu waliomwita Mungu kuwa shahidi wao. Hakuna jiwe lililoandikwa habari zake. Ushahidi wa dhati kwamba aliuzwa ulikuwa sentensi moja, na aliyeisema alikuwa kaburini, na aliyeisikia nilikuwa mimi. Nikiisema, wajukuu wake watanyang'anywa kitu pekee alichokipata. Nikiikana, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nje ya banda vijana kadhaa walikuwa wamesimama, na mmoja wao alikuwa akinionyesha kidole akimnong'oneza mwenzake. Siwezi kuwaambia kwa uaminifu ni hofu ipi kati ya hizo iliyojibu.

"Alisema nikifika ataniambia," nilisema. "Nimefika nikakuta amefariki."

"Hakukwambia kingine?"

"Hakuniambia."

Sauti yangu ilitetemeka, na kila mtu aliisikia. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani kwa muda uliotosha kunijulisha kwamba hakuamini. Kisha akasema dai halina shahidi, shamba libaki kama lilivyo, na mdai ana haki ya kurudi akipata shahidi mwingine.

Silvesta alisimama, akashukuru baraza. Alipopita karibu nami alisema tu, "Safari njema, dada."

Kurudi

Lori lilikuwa limepakia samaki. Nilipokaribia na mkoba wangu, dereva alitazama pembeni. Alisema ameambiwa asibebe watu. Vijana waliokuwa nje ya baraza walikuwa wamekuja hadi hapo, na mmoja aliniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Dada, mkobani kuna mifupa mingapi?"

Niliukumbatia mkoba.

"Mifupa yake mwenyewe tu, hamwoni alivyokonda!" Bi Yustina alikuwa anakuja na tenga kichwani, akalitua miguuni pa dereva. "Huyu mtumwa wangu. Nimemnunua Mpanda kwa ugali na mgebuka mmoja, na ugali hakumaliza. Hesabu matenga yangu, na huyu ni tenga la mwisho. Au siku hizi lori lenu linachagua mzigo wa Mfipa?"

Dereva alicheka kabla hajajizuia. Kisha wale vijana wakacheka. Silvesta, aliyekuwa amesimama kivulini mwa duka, hakuweza kukataa mbele ya watu wanaocheka bila yeye kuwa ndiye anayechekwa. Alinyanyua mkono kidogo. Nilipandishwa juu ya matenga.

Skolastika alikuja lori likiwa limewashwa, amebeba dagaa wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Alinipa bila kunishika mkono.

"Na huko chuoni wakikuuliza, utawaambia nini?"

"Sijui, mama."

"Waambie hivyohivyo ulivyosema pale. Silvesta ana mtoto anasoma chuo. Vitabu vinasomwa."

Njia nzima hadi Mpanda Bi Yustina alimtukana dereva, tope, Wasukuma wote na baba wa lori. Tulipoachana sokoni nilijaribu kumshukuru, akaniambia niende zangu, mtumwa aliyeachiwa huru hasimami kuongea. Nilipanda treni. Kila aliyeniuliza natoka wapi nilimwambia natoka kuzika.

Juma lililopita msimamizi wangu wa tasnifu aliniuliza yule mzee wa ziwani alisema nini. Nilimwambia alisema nikifika ataniambia, nikakuta amefariki. Alinipa pole, akanishauri nitafute mada nyingine. Sauti yangu haikutetemeka.

Jana nilimpigia Bi Yustina. Alisema Skolastika amepanda maharage kwenye shamba la mtoni, nayo yameota vizuri. Nikamuuliza habari za Silvesta.

"Anapita kila asubuhi," alisema. "Anasimama pale mpakani, anamsalimia, anaangalia maharage, anaondoka."

"Anasalimia tu?"

"Anasalimia tu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza utani wowote.